Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kilimo na maji: tuhamishieni sehemu ya kuchanganyia dawa mbali na mto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Mheshimiwa Waziri wa Maji. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Na kwa waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilolo.

YAH: KULINDA VYANZO VYA MAJI WAKATI WA KUANDAA DAWA ZA MIMEA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa, mimi ni mkulima wa nyanya hapa Kilolo, mkoani Iringa. Anayesafiri kwa barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro anatufahamu kwa matenga yanayopangwa kando ya lami pale Ilula. Akiteremka zaidi, Ruaha Mbuyuni, anawakuta wenzetu wa vitunguu wanaomwagilia kwa maji ya mto Lukosi. Huku milimani kiangazi kikiingia tunahamia kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, kwa sababu ndiko unyevu ulikobaki. Tukivuna vizuri, ada za watoto zinalipwa na nyumba inaezekwa bati. Kwa hiyo sikai hapa kulaani nyanya wala dawa. Asiyepuliza msimu wa ukungu havuni kitu, na kantangaze, mdudu anayetoboa nyanya, akishaingia shambani hana huruma. Ninachokiandikia ni maji.

Jambo langu ni moja. Elimu tunayopewa kuhusu dawa na maji kwa sehemu kubwa inahusu kupuliza: angalia upepo, usipulize mvua ikiwa imekaribia, acha nafasi kati ya mazao na mto. Yote ni kweli na tunashukuru. Lakini maji yetu hayaharibiki zaidi kwenye tuta la nyanya. Yanaharibika pale dawa inapofunguliwa, inapopimwa na kuchanganywa, na pale solo, yaani bomba la mgongoni la kupulizia, inapooshwa kazi ikiisha. Na pale, kwetu, ni ukingoni mwa maji. Naombeni mtusaidie kupahamisha.

Njooni saa moja asubuhi kwenye bonde lolote la nyanya. Kibarua anashuka na solo ya lita 16 mgongoni, chupa mfukoni na pakiti mbili za unga wa ukungu. Anapiga magoti kwenye jiwe bapa lililo karibu na maji, jiwe ambalo wenzake wamelitumia tangu msimu uanze. Ukilitazama kwa karibu, nyufa zake zimejaa unga wa mankozebu, dawa hiyo ya ukungu, wa njano iliyopauka, umeganda kama rangi ya ukuta. Pakiti anaichana kwa meno. Dawa ya maji anaipima kwa kizibo cha chupa, na ile inayomchuruzika vidoleni anaisuuza mtoni hapohapo. Kisha anachota maji kwa kopo lilelile alilokorogea dawa. Solo ikijaa kupita kiasi, povu linafurika mdomoni, linateremka kwenye jiwe na kuingia mkondoni. Chupa ikiisha anaichovya majini ijae, anaitikisa, anamimina ndani ya solo, halafu anaitupa kwenye magugu. Jioni solo inasuuzwa palepale, na dawa iliyobaki inamwagwa palepale.

Huyo kibarua si mjinga wala si mkorofi. Ekari moja ya nyanya zilizoshona inakula solo 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi, na ukungu ukipamba moto tunapuliza kila wiki. Kwetu kibarua analipwa kwa idadi ya solo, halipwi kwa siku. Kila hatua anayotembea kutoka kwenye maji anaitembea bure, tena na kilo zaidi ya 16 mgongoni. Mkimwambia asichanganyie mtoni bila kumpelekea maji kwingine, mnamwambia akatwe ujira wake nusu. Atawaitikia "sawa bosi" mkiwa mmesimama pale, na mkiondoka atarudi kwenye jiwe.

Mtu anaweza kuuliza: matone hayo machache yanaudhuru vipi mto mzima? Tupige hesabu pamoja. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kiuatilifu kimoja, yaani dawa moja ya shambani, kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 0.1 kwa lita; mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ni kikomo kilichowekwa chini kwa makusudi, kwa tahadhari. Si kwamba maji yakikizidi kidogo mtu anaanguka papo hapo. Lakini kinatupa kipimo cha kufikiria. Gramu moja ya sumu halisi inatosha kuzifikisha lita milioni 10 kwenye kikomo hicho. Sera yetu ya maji ya mwaka 2002 ilimpangia mwananchi wa kijijini lita 25 kwa siku. Kijiji cha watu 2,000 kinatumia basi lita 50,000 kwa siku, na lita milioni 10 ni maji yao ya siku 200. Gramu moja. Chupa ya klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, iliyoandikwa 48% EC ina gramu 480 za sumu kwa kila lita, kwa hiyo kizibo cha mililita 10 kinabeba karibu gramu 5. Kizibo kimoja kilichoponyoka mkononi kinaweza kuzidi kile ambacho upepo ungekitoa kwenye mimea yangu na kukipeleka mtoni kwa siku nzima ya kupuliza kwa uangalifu.

Samaki hawangoji hesabu hizo. Dawa za jamii ya pairethroidi, zile ambazo majina yake kwenye lebo huishia na "thrin", kama lambda-saihalothrini, huua baadhi ya samaki zikiwa hata hazijafika mikrogramu moja kwa lita moja ya maji. Wadudu wa majini ambao samaki hao wanawategemea huondoka mapema zaidi.

Haya siyasemi kwa kukisia tu kutoka bondeni kwetu. Huko Ulaya, walipofuatilia mito yao, waligundua kwamba sehemu kubwa ya viuatilifu vilivyokuwa mtoni, mara nyingi zaidi ya nusu, haikutoka kwenye mazao. Ilitoka kwenye nyua za mashamba ambako mashine za kupulizia zilijazwa na kuoshwa. Na hapa nyumbani tuna ushahidi wetu unaoelekea hukohuko. Mwaka 2004 ulichapishwa muhtasari wa tafiti za mabaki ya viuatilifu nchini: kusini mwa Ziwa Victoria, mashamba ya miwa ya TPC kule Kilimanjaro, pwani ya Dar es Salaam, bonde la Mahonda na Makoba kule Zanzibar, na shamba la Vikuge, Kibaha. Maeneo mengi viwango havikuwa vya kutisha. Vikuge vilikuwa vya kutisha kweli. Vikuge hapakulimwa kuliko kwingine. Palihifadhiwa shehena ya DDT, sumu ya kuua wadudu, iliyoletwa miaka ya 1980 kama msaada, tayari sehemu yake ikiwa imepitwa na wakati, kwenye banda ambalo baadaye lilibomoka, na sumu ikaingia ardhini. Uchafuzi mkubwa ulitokea mahali padogo palipokusanya dawa nyingi bila kinga. Mabonde yetu ya nyanya yana mahali padogo kama hapo kila baada ya hatua mia mbili, ila pa kwetu panaoshwa na mto kila siku, ndiyo maana hapaonekani.

Nisisitize na hili, maana nalisikia kila mara: "tutachemsha". Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi kiuatilifu, maji yakipungua kwa mvuke kilichomo kinaweza hata kukolea zaidi. Klorini tunayotia kwenye ndoo nayo haikuwekwa kwa kazi hiyo. Kinachonasa viuatilifu ni mkaa maalumu wa kuchujia, na mitambo hiyo haipo kwenye mradi wa kijiji wa mserereko, yaani wa maji yanayoteremka yenyewe bila pampu. Maji yakishachafuka huku juu, mama aliye chini hana la kuyafanya jikoni kwake.

Sasa niwaonyeshe njia ya pili ya dawa kuingia kwenye maji. Sijaisikia ikisemwa kwenye mkutano wowote wa kijiji, na ndiyo inayoninyima usingizi zaidi, kwa sababu haihitaji mto.

Wakulima wengi siku hizi wana pipa la lita 200 shambani au uani. Dawa inachanganywa mle, wapulizaji wanachota. Pipa linajazwa kwa mpira uliounganishwa kwenye bomba la mradi au kwenye pampu ya petroli iliyoegeshwa kisimani. Mpira unatumbukizwa hadi chini ya pipa ili usirukeruke, na mtu anakwenda kufanya kazi nyingine. Maji yakikatika, na sote tunajua yanavyokatika, bomba halibaki na presha ya kusukuma. Likiwa limeinama kuelekea bondeni, maji yaliyomo ndani yake yanateremka na kuvuta nyuma yake chochote kilichopo mdomoni mwa mpira. Kilichopo ni dawa iliyochanganywa tayari. Inavutwa kwenye mpira, inaingia kwenye bomba la mradi, inakaa humo gizani. Maji yakirudi saa 12 jioni, anayefungua koki wa kwanza ndiye anayeipokea. Kwenye pampu ya petroli ni hivyohivyo: mashine ikizimika ghafla, kilichomo kwenye pipa kinaweza kurudi kisimani kwa njia ileile maji yalikopanda.

Kinga yake ni rahisi kiasi cha kusikitisha. Mdomo wa mpira ufungwe juu ya pipa, usiguse maji, pabaki nafasi ya hewa walau ya upana wa kiganja. Hewa haivuti dawa. Pipa lijazwe maji matupu kwanza nusu, dawa iingie mpira ukiwa umeshaondolewa. Na pale ambapo mtu ameunganisha pampu moja kwa moja na pipa la dawa au la mbolea ili kusukumia kwenye mipira ya matone, iwepo valvu ya kuzuia maji kurudi, na asiwepo fundi wa kuunganisha bila hiyo. RUWASA na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii mnao uwezo wa kulifanya hili sharti la kuunganishiwa maji shambani. Halihitaji sheria mpya. Linahitaji mstari mmoja kwenye mkataba wa mteja na mtu wa kupita kukagua.

Nikirudi mtoni. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na fukwe. Naiheshimu sheria hiyo. Lakini kila ikitajwa huku kwetu inatajwa pamoja na vinyungu, na ikitajwa pamoja na vinyungu inageuka kuwa ugomvi wa nani afukuzwe bondeni. Ugomvi huo ni mkubwa na una hoja pande zote mbili, na siwezi kuumaliza kwenye barua. Ninachoomba ni kwamba wakati ugomvi huo ukiendelea, kazi ya kuchanganya dawa isiusubiri. Mtu anaweza kuwa na shamba hatua 20 kutoka kwenye maji akachanganyia dawa zake mita 100 kutoka kwenye maji. Na mtu anaweza kuwa na shamba mlimani kabisa, ambalo sheria hailigusi, akashuka na solo yake hadi mtoni kila asubuhi. Huyu wa pili ndiye anayeudhuru mto zaidi.

Kwa hiyo tujengeeni, au tusaidieni tujenge, sehemu ya kuchanganyia. Nieleze ninavyoiona, maana nimeifikiria sana.

Kwenye kila skimu ya umwagiliaji, na kwenye kila bonde lenye wakulima wa kutosha, iwepo sakafu ya zege ya ukubwa wa chumba cha kulala, yenye ukingo wa tofali moja kuizunguka ili kinachomwagika kisitoke. Paa la bati juu yake, ili mvua isiifanye dimbwi. Pembeni tenki la lita 2,000 juu ya mnara mfupi, linalojazwa kwa pampu au kwa mserereko, mpira wake ukiishia juu ya maji kama nilivyosema. Chini ya tenki, koki mbili. Iwe zaidi ya mita 60 kutoka mtoni, mbali na visima, na isiwe kwenye mteremko unaomwaga moja kwa moja mkondoni. Ukubwa wa eneo inalolihudumia upangwe kwa miguu ya kibarua: ikiwa mbali na mashamba kuliko mto ulivyo, haitatumika. Ikiwa katikati ya mashamba, atakwenda huko bila kulazimishwa, kwa sababu koki inajaza solo haraka kuliko kopo. Hapo ndipo ninapoweka matumaini yangu yote. Mtu anayelipwa kwa solo atafuata maji yaliyo karibu.

Na maji machafu ya sakafuni yaende wapi? Hapa kuna jambo ambalo wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole nawaomba walichukue kwa uzito. Mwaka 1993 huko Uswidi lilijengwa shambani shimo la kwanza la aina yake: chini udongo wa mfinyanzi, juu yake mchanganyiko wa majani makavu ya nafaka nusu, mboji ya kinamasi robo na udongo wa juu robo, unene kama nusu mita au zaidi kidogo, na juu kabisa majani mabichi yaliyooteshwa. Maji yenye dawa yanapomwagwa humo, dawa inanaswa kwenye mboji, na kuvu wanaokula majani makavu wanaivunjavunja pamoja na majani hayo. Majani yakioza na kushuka, yanaongezwa. Njia hiyo ilisambaa nchi nyingi, na kila mahali watu walitumia walichonacho. Sisi tuna mabua ya mahindi hadi tunayachoma. Tuna samadi iliyooza, tuna pumba za mpunga kutoka Pawaga na Usangu, na mfinyanzi umejaa mabondeni. Watafiti watupimie mchanganyiko upi unafanya kazi kwenye joto letu na kwa dawa zetu, na mvua yetu inahitaji paa la namna gani. Ni utafiti wa gharama ndogo, na wakulima wa kujitolea mashamba yao watapatikana kabla hamjamaliza kuuliza.

Kusuuza chupa nako kuna utaratibu wake ambao ungewekwa kwenye ukuta wa sehemu hiyo kwa picha, kwa wale wasiosoma: chupa ikiisha, tia maji safi robo, funga, tikisa kwa nusu dakika, mimina ndani ya solo, rudia hadi mara ya tatu. Ukifanya hivyo mabaki karibu yote yanakwenda shambani, tena ni dawa uliyoilipia. Kisha toboa chupa isije ikatiwa mafuta ya kula au maziwa. Solo nayo isuuzwe kwa maji kidogo mara tatu, na maji hayo yapulizwe kwenye mimea ileile. Hili la mwisho wakulima wakielezwa linawaingia haraka, kwa kuwa hakuna apendaye kumwaga hela.

Chupa tupu zenyewe zinahitaji pa kwenda. Huku kwetu zinachomwa, zinafukiwa, au zinasubiri mvua ya kwanza izisombe hadi mtoni. Brazili walitunga sheria mwaka 2000 inayomtaka mkulima arudishe chupa, muuzaji amwonyeshe pa kuzirudishia, na mtengenezaji azichukue. Leo sehemu kubwa mno ya chupa zao za plastiki inarudi. TPHPA, ambayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imewapa usimamizi wa viuatilifu, nawaomba mfikirie kuweka sharti hilo kwa waagizaji: anayeingiza dawa nchini awe na mpango wa kuzitoa chupa zake vijijini, na kibali kifuate mpango. Sisi tutaziweka kwenye kizimba cha nondo kando ya sehemu ya kuchanganyia, chenye kufuli. Mkiweza kumrudishia mkulima hata shilingi kidogo kwa kila chupa iliyosuuzwa na kutobolewa, vijana wetu watazikusanya hadi za miaka iliyopita.

Maduka ya pembejeo nayo yaangaliwe. Kuna dawa zinazouzwa kwa kupimwa, zinamiminwa kwenye chupa za soda, hazina lebo, hazina mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu. Mkulima aliyenunua hivyo hajui kama ana ya mstari mwekundu au wa kijani, na hakuna wa kumlaumu akipima kwa macho. Klopirifosi, ambayo nimeitaja juu, mwaka 2025 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa kimataifa wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kadhaa. Tunaomba tutangaziwe mapema na wazi, redioni na kwenye mikutano ya kijiji, ipi inaondoka lini na mbadala wake ni upi, ili akiba za dawa zilizokatazwa zisije zikamwagwa kimyakimya mabondeni. Vikuge ilitokana na dawa ambazo hakukuwa na wa kuzishughulikia.

Kuhusu vipimo. Mimi na majirani zangu tumeuliza zaidi ya mara moja kama maji tunayokunywa yamewahi kupimwa viuatilifu. Ofisi moja ilituambia ni suala la kilimo. Tulipokwenda kwa wa kilimo tukaambiwa maji yana wenyewe. Sitaji ofisi kwa sababu waliotujibu walikuwa watu waungwana, na nadhani walisema walichoelekezwa. Lakini mwananchi akipigwa danadana namna hiyo mara mbili, mara ya tatu haendi. Naomba Wizara zote mbili zikubaliane kwa maandishi nani anapima, na matokeo yanasomwa wapi.

Na mkipima, pimeni wakati dawa ipo. Sumu iliyoingia mtoni asubuhi inapita na kwenda zake kwa saa chache. Mtaalamu akija na chupa yake siku ya kawaida ya mwezi, saa nane mchana, hatapata kitu, ataandika maji ni salama, na sisi tutabaki na karatasi inayosema hivyo. Chukueni sampuli asubuhi za msimu wa ukungu. Chukueni siku ya mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba, maji yakiwa mekundu. Chukueni na tope la chini, maana dawa za pairethroidi hushikamana na tope na kukaa huko baada ya maji kupita. Vipo pia vinasio vya kutumbukizwa mtoni wiki mbili vikikusanya kinachopita usiku na mchana. Hivyo vitatueleza mengi kuliko chupa moja. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, hata yakiwa mabaya. Tukijua ni bonde lipi na ni wiki ipi, mkutano wa kijiji unaweza kufanya kazi yake. Wanakijiji wanaozuia ng'ombe wasiingie kwenye chanzo hawashindwi kumzuia mtu na solo, wakiwa na pa kumwelekeza.

Najua mtauliza fedha. Sehemu moja ya kuchanganyia ni mifuko ya saruji, bati chache, tenki na mabomba. Ni sehemu ndogo sana ya gharama ya banio au mfereji wa skimu. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inapochora skimu mpya, naomba ichorwe humo tangu mwanzo, kama vile inavyochorwa njia ya magari. Kwa mabonde ya zamani anzieni vijiji vichache vyenye tekeo (mahali maji ya mradi yanapochukuliwa) la maji ya kunywa chini ya mashamba, kwa sababu huko ndiko hatari ilipo kubwa. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ofisi zake ziko hapahapa Iringa na inayajua matekeo hayo. Ramani ya vijiji vya kuanzia inaweza kupatikana bila kumsafirisha mtu mbali.

Bonde lolote litakalochaguliwa, mawe, mchanga na kokoto tunasomba wenyewe, na msingi tunachimba kwa nguvu kazi, kama tulivyofanya kwenye madarasa. Eneo tutalitoa kwa mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari utasainiwa. Tunachokosa ni saruji, tenki, mabomba, na mtaalamu wa kutuchorea mteremko wa sakafu na shimo. Bajeti ya serikali huanza tarehe 1 Julai. Tungependa jibu lije mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuliingiza kwenye mpango wa halmashauri. Lipitieni kwa Mtendaji wa Kijiji kama ilivyo utaratibu, na kama jibu ni hapana tuandikieni sababu, ili tujue ni ofisi gani tuifuate.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa nyanya,
Wilaya ya Kilolo, Iringa.